Becky Hammon na Kiti Changu cha Benchi

Hivi wewe dada unayenisoma, ukiambiwa leo kwamba kazi unayoiweza kuliko zote huigusi tena mwaka mzima, huo mwaka utaufanyia nini? Tusidanganyane. Wengi tutalia kwanza, na tukimaliza kulia tutatafuta tamthilia ya Kikorea na blanketi. Mimi kano ya goti la kushoto ilipokatika uwanjani, nikiwa na miaka 34, nilimaliza tamthilia mbili nzima, na ya tatu nilikuwa nimefika katikati.

Mtu aliyenitoa kwenye kochi hanijui, na sidhani kama amewahi kusikia habari za Tabata. Anaitwa Becky Hammon. Wapenzi wa kikapu mnamfahamu. Nyie wengine nivumilieni kidogo, maana stori yake inamhusu kila mtu mwenye kazi.

Alizaliwa 1977 Rapid City, South Dakota, huko ndani kabisa Marekani. Urefu wake futi tano na inchi sita, yaani ukimpanga na wachezaji wenzake utadhani kaja kuokota mipira. Alipomaliza chuo, Colorado State, mwaka 1999, siku timu za WNBA zilipochagua wachezaji wapya jina lake halikutajwa. Na mwaka ule ulikuwa mgumu kweli. Ligi nyingine ya wanawake, ABL, ilikuwa imefilisika Desemba 1998, na wachezaji wake wakubwa wote walikuwa mtaani wanatafuta timu. New York Liberty ndio waliompa nafasi, akae nyuma ya Teresa Weatherspoon. Akakaa. Baada ya misimu minane, 2007, akahamia San Antonio. Kwa ujumla alicheza mechi ya nyota wa ligi mara sita, na 2011 akawekwa kwenye orodha ya wachezaji 15 bora tangu ligi ianze. Mtu ambaye hakuna aliyemtaka!

(Ya Urusi tuyaache. Timu ya Marekani haikumwita kwa Olimpiki ya 2008, akachukua uraia wa Urusi alikokuwa na mkataba wa kucheza, akarudi kutoka Beijing na medali ya shaba na kundi la watu wanaomwita msaliti. Hiyo ni makala nyingine.)

Sasa njoo kwenye goti. Julai 2013, akiwa na miaka 36, kano ya mbele ya goti ikakatika, ile ile iliyonikatika mimi. Kwa mchezaji wa umri huo, hiyo ni barua ya kuachishwa kazi, inasubiri muhuri tu.

Angalia alichofanya. Timu ya wanawake ya San Antonio na ile ya wanaume, Spurs, wakati huo zilikuwa chini ya wamiliki wamoja. Na mwaka uliotangulia, wakirudi kutoka Olimpiki ya London 2012, alikuwa ndege moja na Gregg Popovich, kocha wa Spurs, wakapiga stori. Basi alipoumia akaomba awe anahudhuria mazoezi ya Spurs. Wakamkubalia. Msimu wa 2013 hadi 2014 huyo mama akawa anaingia mazoezini na goti lake bovu, anakaa kwenye vikao vya makocha, anaangalia video za mechi, akiulizwa anasema. Hakuwa na cheo. Msimu huo Spurs wakatwaa ubingwa. Julai 2014 akatangaza kustaafu kucheza, na Agosti 5 mwaka huo huo Spurs wakamwajiri. Ndiye mwanamke wa kwanza kuwa kocha msaidizi wa kudumu, wa mshahara, kwenye NBA.

Niliposoma hayo nikazima televisheni. Ukweli nilikuwa najiona kama mgonjwa anayesubiri kupona, kumbe mwenzangu aliyatumia maumivu yale yale kama ada ya shule. Na ukifikiria vizuri inaingia akilini. Mtu mfupi kwenye kikapu anaishi kwa macho. Lazima aone pasi kabla haijafunguka, maana akichelewa anafunikwa. Macho hayo hayakatiki pamoja na goti.

Nikampigia simu kocha wetu. Akaniambia, "Njoo ukae, uandike unachokiona." Nikaenda na magongo yangu na daftari la shule la mwanangu lililobaki.

Jamani, benchi! Nimecheza na pointi gadi wetu miaka mitatu, nikimlaumu kimoyomoyo kwamba hanipi mipira. Siku ya pili tu nimekaa pale nikagundua kwamba anapopandisha mpira hatazami kushoto kabisa. Mimi nilikuwa nacheza kushoto. Nikahesabu: mara kumi na moja alipandisha, mara moja tu ndo aligeuza shingo. Nilipomwonyesha daftari akacheka, akasema alidhani anatazama. Ukiwa ndani ya uwanja unajiona mwenyewe tu, na kiu yako.

Nyumbani nako kulikuwa na mechi. Mume wangu ni mtu mwema, nisimsingizie. Nilipokuwa nacheza alinivumilia, kwa sababu alijua kuna siku nitazeeka niache. Goti lilipokatika, nahisi moyoni alisema alhamdulillah, Jumamosi zimerudi. Sasa anamwona mkewe anatafuta bodaboda na magongo mkononi, mtoto wa miaka minne analia mlangoni.

"Mama, ulipokuwa unacheza nilielewa, unapenda," aliniambia usiku mmoja. "Sasa hivi unakwenda kufanya nini? Kuangalia wenzako?"

Nikamweleza habari za Becky Hammon, kuanzia Rapid City mpaka Spurs. Alisikiliza kwa makini sana. Akauliza, "Huyo mama analipwa?"

"Walipomchukua Las Vegas iliripotiwa ni zaidi ya dola milioni moja kwa mwaka."

"Na wewe?"

"Maji ya chupa."

Tulicheka mpaka mtoto akaamka. Lakini swali lake halikuwa la mzaha, na wewe mwenye mchumba au mume unajua hivyo. Bima ya ofisini ililipa upasuaji, mazoezi ya viungo tukajigharamia wenyewe. Jumamosi yangu ilikuwa Jumamosi yake pia. Mtu anapokaa benchi kujifunza, kuna mwingine anayebaki na mtoto, na huyo hapigwi picha. Tukakubaliana: Jumamosi asubuhi ni yangu, mchana ni wetu, na Jumapili yeye anaenda kwenye mpira wake bila kuulizwa anarudi saa ngapi. Mama mkwe bado anashangaa. Atazoea.

Na usidhani mwenzetu Hammon alipanda lifti. Alikaa na Spurs misimu minane kama msaidizi. Mwaka 2015 aliiongoza timu yao kwenye ligi ya majira ya joto ya Las Vegas, akatwaa ubingwa. Desemba 30, 2020, Popovich alipotolewa nje na mwamuzi katika mechi na Lakers, yeye ndiye aliyesimama kuongoza timu. Bado kazi ya kocha mkuu NBA hakuipata. Mwaka 2021 alifika hatua za mwisho Portland, wakampa Chauncey Billups, mwanaume ambaye alikuwa na msimu mmoja tu wa ukocha msaidizi. Hadi 2025 inakwisha hakuna mwanamke aliyewahi kupewa timu ya NBA. Mimi hilo linanikera, na sitajifanya halinikeri.

Desemba 31, 2021 akachukuliwa na Las Vegas Aces. Na hapa kuna kitu wengi hawakijui: Aces ni ile ile timu yake ya San Antonio, iliuzwa ikahamia Las Vegas ikianza msimu wa 2018. Amerudi nyumbani, nyumba ndiyo imehama. Akatwaa ubingwa 2022, akatwaa 2023. Mwaka 2025 mambo yakaharibika: Agosti 2 walifungwa na Minnesota 111 kwa 58, nyumbani kwao! Baada ya kipigo hicho wakashinda mechi 16 mfululizo kumaliza msimu, wakaenda wakachukua ubingwa wa tatu kwa kuifunga Phoenix 4 kwa 0.

Lakini nisikufiche. Kuna sehemu ya stori yake inayonikaa kooni. Januari 2023 Aces walimhamishia Los Angeles mchezaji wao nyota, Dearica Hamby, akiwa mjamzito. Hamby akasema hadharani kwamba alitendewa vibaya kwa sababu ya ujauzito wake. Ligi ikachunguza, na Mei 2023 ikamsimamisha Hammon mechi mbili bila malipo kwa maneno aliyomwambia Hamby kuhusu ujauzito huo. Hammon alikana kwamba mimba ndiyo iliyomhamisha mchezaji wake. Sikuwepo, siwezi kuamua kesi ya watu.

Ila nilishawahi kuwa mjamzito kazini. Ofisi niliyokuwepo zamani, bosi wangu, mwanamke mwenzangu, nilipompa taarifa aliniuliza, "Hii uliipanga?" Maneno mawili tu. Niliporudi kutoka likizo ya uzazi meza yangu ilikuwa ya mtu mwingine. Kwa hiyo nilipoisoma habari ya Hamby niliweka simu chini, nikakaa kimya muda mrefu. Huyu ndiye aliyefunguliwa mlango goti lilipomtupa nje! Popovich angemwambia "kapone kwanza, tutaonana," leo nisingekuwa na cha kuandika.

Bado namheshimu kama kocha. Siombi radhi kwa hilo. Nimeacha tu kumweka ukutani kama picha ya mtakatifu.

Maana haikupita muda likanifika. Goti langu lilipona vya kutosha kukimbilia basi, si kucheza ligi, na kocha akaniomba nibaki kuwa msaidizi wake. Wasichana walianza kuniita kocha, hata wale waliokuwa wananiita dada. Jioni moja yule pointi gadi wetu, aliyeolewa mwaka jana, akabaki nyuma wenzake walipoondoka. Akawa anafunga na kufungua kamba za viatu. Nikajua kabla hajasema.

"Kocha, sitamaliza msimu."

Nilimpongeza kwanza. Ningekuwa sijapita nilikopita, huenda ningeanza na ratiba ya mechi. Nikamuuliza anajisikiaje, mumewe anasemaje, kliniki ameanza? Halafu nikamwambia jezi yake haivaliwi na mtu, naiweka kwangu, na kiti chake kipo pale pale.

"Kiti cha kufanyia nini?" akauliza.

Nikampa daftari. Sasa anakaa kulia kwangu na tumbo lake la miezi sita, anaandika. Mwandiko wake mbaya ajabu, inabidi anisomee mwenyewe. Wiki iliyopita, katikati ya mechi, alinivuta mkono akanionyesha yule binti anayecheza nafasi yake.

"Kocha, hebu mwangalie," akasema. "Hatazami kushoto."