Binti aliyemhoji baba yake

Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, tabibu mmoja wa zahanati mkoani Singida alikuwa ameshaamua. Binti yake amesoma CBG, alama zinatosha, atasomea uuguzi. Binti akaomba Mawasiliano ya Umma, tena katika chuo kidogo ambacho majirani hawakuwahi kukisikia.

"Miaka mitatu kujifunza kusoma taarifa ya habari?" baba aliuliza. Kisha akanyamaza wiki mbili, na nyumba nzima ikanyamaza naye.

Mkopo haukupatikana. Mama ndiye aliyeuza magunia ya alizeti ili ada ya kwanza ilipwe. Kabla ya kutoa hela alimtaka binti amwonyeshe kozi hiyo kwenye mwongozo wa udahili wa TCU. Mzazi mwenzangu, hapo usiparuke, maana jengo zuri si ithibati.

Darasani hawakufika arobaini. Studio ilikuwa moja, kuta zake zimebandikwa trei za mayai kuzuia mwangwi. Kamera mbili ziligombaniwa, na kompyuta za kuhariria hazikutosha, hivyo wengine walifanya kazi zao usiku wa manane. Lakini mhadhiri alimjua kila mmoja kwa jina, na kila kazi ilirudi na wino mwekundu: "Nani kasema? Umemuuliza?" Penye ukumbi wa watu mia tatu, wino huo haupatikani kirahisi.

Mwishoni mwa mwaka wa pili alikwenda mafunzo kwa vitendo katika redio ya jamii, si mbali na kwao. Akapewa kipindi cha afya kwa sababu tu alikuwa amesoma baiolojia.

Alichagua kuuliza kwa nini wajawazito wanachelewa kuanza kliniki. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mahudhurio yasiyopungua manane, la kwanza ndani ya wiki 12 za mwanzo. Alitegemea kusikia habari za umbali na aibu. Kwenye gulio akasikia jingine: "Nilirudishwa. Niliambiwa nije na mume."

Mmoja mume wake alikuwa machimboni. Mwingine mwanamume aliikana mimba. Asiye na mwenza alitakiwa kwenda kuomba barua kwa mwenyekiti wa kijiji, ajieleze mbele ya watu kwamba yuko peake yake. Wengine waliona heri wakae nyumbani hadi tumbo lifike miezi sita.

Nia ya kumwita mwenza ni njema: wote wawili wapime VVU, wajue dalili za hatari, wapange usafiri wa siku ya kujifungua. Ila kuhimiza kukishageuka sharti, anayeumia ni yule asiye na wa kumsindikiza, ambaye ndiye anayehitaji kliniki zaidi.

Alipouliza ni zahanati gani, mama mmoja akaitaja. Ilikuwa ya baba yake.

Angeweza kuikata sauti hiyo, na hakuna ambaye angejua. Usiku akampigia mhadhiri. Mhadhiri alimsikiliza hadi mwisho, akauliza: "Umemuuliza?" Kisha akamwagiza amweleze mhariri kwamba tabibu huyo ni mzazi wake. Mhariri aliamua mahojiano ya redio ayafanye mwenzake, lakini binti akaona si haki baba akute kipaza sauti mlangoni bila yeye kumwambia.

Alikwenda nyumbani Jumapili. Baba alikuwa anakula.

"Shikamoo baba. Kuna wamama wanasema mnawarudisha."

Baba alinawa mikono taratibu. "Marahaba. Nani kasema?"

Binti nusura acheke. Akamweleza, bila majina. Baba alikaa kimya, safari hii dakika tu.

"Tuliambiwa wanaume waje," alisema. "Tukaona tukiwarudisha hao wake zao, watakuja. Na kweli wengine walikuja. Wasiokuja hatukuwahesabu."

Jumatano mwenzake alifika na kinasa sauti. Baba alirudia maneno yaleyale, akaongeza kwamba zahanatini kwake anayekuja peke yake ataandikiwa kadi siku hiyohiyo. Kipindi kilirushwa Jumamosi. Mama anasema baba alikisikiliza nje chini ya mwarobaini, redio ikiwa imefunguliwa sauti ya juu, hata wapita njia wakasimama.

Jioni alimpigia binti.

"Mwanangu, kile kikohozi changu pale katikati, hamkuweza kukikata?"