Acha Chai Ipoe

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ndugu msomaji, umewahi kufikiria ukuta unaopasuliwa kila siku kabla fundi hajamaliza kuziba? Ukuta ninaouzungumzia ni wa umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni.

Babu yangu aliishi Ndhiwa, Kaunti ya Homa Bay, nasi tunaishi Migori mjini. Kila likizo nilimkuta na birika lake. Chai ilimiminwa ikitokota, naye akainywa papo hapo. Mama akimwambia, "Baba, ngoja ipoe kidogo," yeye hujibu, "Chai ya vuguvugu ni ya wagonjwa." Kisha huwasha kiko.

Mwaka 2021 ugali ulianza kumkwama. Kwanza aliusukuma kwa maji, akahamia uji, mwishowe hata uji ukawa taabu. Alikonda akabaki mifupa mitupu. Majirani wakanong'ona eti karogwa. Baba hakuyasikiliza hayo. Alimpeleka hospitali, tukaelekezwa Tenwek kule Bomet, inayojulikana kwa kuwahudumia wagonjwa wa maradhi haya. Ilikuwa saratani ya umio, tena iliyokwisha kuenea. Aliwekewa kijibomba cha waya cha kupanua njia, akaweza kula tena vyakula laini. Miezi minne baadaye alituaga.

Nilimwuliza mwalimu wetu wa Bayolojia, moto wa chai unaletaje kansa? Akanieleza kwamba mwili ukiungua, hupeleka damu nyingi na seli za ulinzi mahali pale. Panavimba, panakuwa pekundu, panauma. Hiyo ndiyo inflamesheni, nayo si adui bali ni fundi. Kazi ikiisha, huenda zake.

Balaa ni pale jeraha linaporudiwa kila siku kwa miaka. Fundi hapumziki. Seli za umio hugawanyika mfululizo ili kujaza pengo, na kila zikigawanyika zaweza kunakili vibaya maagizo yaliyomo ndani yake. Kemikali za seli za ulinzi nazo zaweza kuyaharibu. Makosa yakirundikana, seli moja huasi ikaanza kuzaana ovyo. Tumbaku na pombe huongeza kuni katika moto huo.

Kule Uingereza na Marekani aina iliyoenea ni nyingine. Asidi ya tumbo hupanda na kuunguza umio miaka nenda miaka rudi. Chanzo ni tofauti, lakini huko pia fundi hapewi nafasi.

Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, walioko Lyon, Ufaransa, walitangaza kwamba vinywaji vyenye joto la kuzidi nyuzi 65 huenda vikasababisha saratani ya umio. Lawama hapo si ya chai, ni ya moto wake. Kuhusu babu, hakuna daktari awezaye kuapa kama ni birika au ni kiko.

Wenzangu, pale bwaloni tunashindana nani atamaliza uji kwanza. Hebu tukipe kikombe dakika chache. Na nyumbani, mzazi akisema chakula kinamkwama, tusingoje akonde wala tusimtafute mchawi. Tumpeleke hospitali wiki hiyo hiyo. Haraka ya kunywa haina baraka, lakini ya kutafuta matibabu inayo.