Kupima Programu za Seva Bila Kompyuta: Somo Tulilolipata Nyashimo

Mwalimu anayeanza kazi hukutana mapema na mada ambayo vifaa vyake havipo. Asipokuwa mwangalifu huiandika mada hiyo ubaoni, akawaamuru wanafunzi wainakili, kisha akaihesabu kuwa imefundishwa. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi tulivyofundisha upimaji wa programu za seva katika Darasa la Saba la shule moja ya msingi hapa Nyashimo, makao makuu ya Wilaya ya Busega, pasipo kompyuta hata moja. Tunakusudia pia kukiri kosa tulilolifanya siku ile, maana kosa hilo lilitufundisha kuliko andalio letu la somo.

Historia kwa ufupi

Seva ni programu inayopokea maombi ya kurasa kutoka kwenye kompyuta nyingine na kuyajibu. Seva ya kwanza ya wavuti iliandikwa na Tim Berners-Lee mwaka 1990 katika CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichoko Uswisi. Mwaka 1993 Rob McCool, aliyekuwa NCSA katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, aliandika nyingine iliyoitwa NCSA HTTPd. Ilitolewa bure, na maandishi yake ya ndani yaliachwa wazi kwa yeyote anayetaka kuyasoma. Kwa hiyo ilienea upesi.

Katikati ya mwaka 1994 McCool aliondoka NCSA, na kazi ya kuitengeneza ikazorota. Wenye tovuti wakabaki na programu njema iliyokosa fundi. Februari 1995 ilitangazwa kwamba mtu mbaya angeweza kutuma ombi refu kupita kiasi na kwa njia hiyo akajipenyeza ndani ya kompyuta ya mwenzake. Watumiaji hawakukaa kitako. Kila mmoja alishona kiraka chake, wakapeana viraka hivyo kwa barua pepe, na hatimaye kundi la watu wanane wakaviunganisha. Aprili 1995 wakatoa programu iliyoitwa Apache, na toleo lake la 1.0 likafuata Desemba 1 mwaka huohuo.

Je, watu wa siku zile walipimaje ipi ni bora? Wengine walihesabu watumiaji. Agosti 1995 kampuni ya Netcraft ya Uingereza ilihesabu tovuti 18,957, na zaidi ya nusu zilitumia NCSA HTTPd, ingawa mwandishi wake alikwisha kuondoka tangu mwaka uliotangulia. Kufikia Aprili 1996 Apache ilikuwa imeshika nafasi ya kwanza. Msomaji ataona kwamba wingi wa watumiaji hueleza watu walichokichagua jana; haulazimiki kueleza kinachowafaa leo.

Wengine walijifunza kusoma mkataba kabla ya kusifu programu. Mwaka 1996 kampuni ya Microsoft iliweka katika mkataba wa Windows NT Workstation kikomo cha kompyuta 10 zinazoweza kuhudumiwa, na waliotaka zaidi walielekezwa kwenye toleo la bei kubwa zaidi. Waliokuwa wakiuza seva za kutumika humo walilalamika sana.

Mambo hayo hayakuwa mbali na wasemaji wa Kiswahili. Mwaka 1994 ulianzishwa katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mradi wa kamusi ya Kiswahili ya mtandaoni, Kamusi Project. Mtanzania aliyetaka maana ya neno la lugha yake alituma ombi hadi ng'ambo ya bahari na kungoja jibu. Hadi mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, mawasiliano mengi ya nchi yetu na ng'ambo yalipitia kwenye setilaiti, na kungoja kulikuwa sehemu ya kazi.

Somo lenyewe

Tuliligeuza dawati la mwalimu kuwa seva. Juu yake tuliweka boksi lenye kadi za manila, kila kadi ikiwa na picha na jina la samaki wa Ziwa Viktoria: sato, sangara, dagaa, kambale, kamongo na wengineo. Kila mwanafunzi aliandika ombi lake kwenye kikaratasi. Tarishi alilichukua, akaleta kadi, na karani mmoja akaandika katika daftari nani ameomba nini na saa ngapi. Seva za kweli nazo zina daftari la namna hiyo.

Tulipima njia mbili. Katika njia ya kwanza, kila ombi lilipokuja tulimteua tarishi mpya, tukampa maelekezo, akaenda, akarudi kuketi. Ndivyo NCSA HTTPd ilivyofanya katika matoleo yake ya awali: kila ombi lilizaliwa mfanyakazi wake, naye alikoma kazi ilipokwisha. Katika njia ya pili, matarishi watano walisimama tayari karibu na dawati tangu mwanzo, na aliyemaliza ombi moja alipokea jingine. Ndivyo Apache ilivyofanya. Kwa saa yetu ya mkononi njia ya pili iliishinda ya kwanza kwa mbali, na watoto waliona wenyewe sababu yake: muda mwingi ulikuwa ukipotea katika kuteua na kuelekeza.

Tuliandika ubaoni kwa herufi kubwa: NJIA YA PILI NI BORA. Darasa likapiga makofi. Tukadhani tumemaliza.

Kosa letu

Karani alikuwa bado ameinamia daftari. Alinyosha mkono akasema, "Mwalimu, kuna ombi moja halina jibu." Tulitazama. Lilikuwa la mtoto wa kike aliyeketi dawati la mwisho, karibu na dirisha. Aliandika: furu. Tarishi alilitafuta jina hilo katika boksi, hakuliona, akaliweka karatasi chini na kuchukua ombi jingine ili asipunguze kasi. Mtoto alikuwa amekaa kimya akingoja kipindi kizima. Tulipomwuliza kwa nini hakusema, alijibu kwamba alidhani zamu yake haijafika.

Makosa yetu yalikuwa mawili. Kwanza, tulisahau kuchora furu. Samaki hao wadogo walikuwa wengi sana ziwani kabla sangara hajaenea katika miaka ya 1980, na aina nyingi zao zimetoweka. Mtoto yule alilijua jina hilo kutoka kwa babu yake mvuvi. Aliomba kitu cha kweli, nasi tulikuwa hatuna. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, tulipima kasi ya waliojibiwa peke yao. Asiyejibiwa hakuingia katika hesabu, na kwa sababu hiyo hesabu yetu ikapendeza.

Seva ya kweli isipokuwa na ukurasa ulioombwa hurudisha namba 404, yaani "haupo". Wengi huichukia namba hiyo, lakini siku ile tuliithamini. Aliyeambiwa "haupo" anaweza kuuliza tena, kwenda kwingine, au kuutengeneza mwenyewe. Aliyeachwa bila jibu hungoja tu, naye hudhani kosa ni lake.

Tulifuta maneno ya ubaoni mbele ya wanafunzi, tukawaambia wazi kwamba mwalimu amekosea katika kupima. Kisha tulirudia zoezi kwa sharti jipya: hakuna ombi litakaloachwa bila jibu, hata kama jibu ni "haipo". Njia ya pili ilishinda tena, safari hii kwa haki. Mtoto yule alipewa manila na kalamu, akachora furu wake, na kadi hiyo imo katika boksi letu mpaka leo.

Mashauri kwa mwalimu mwanafunzi

Ndugu mwalimu mtarajiwa, hapana shaka utaletewa vifaa vingi katika maisha yako ya kazi: vitabu, programu, simu, na mbinu mpya zenye majina makubwa. Kabla ya kusifu au kukataa, jiulize mambo haya:

1. Kinafanya kazi gani hasa, na je, kazi hiyo ndiyo tunayoihitaji?
2. Kikiharibika, nani atakitengeneza? Je, sisi wenyewe tunaweza kukishonea kiraka?
3. Mkataba wake unasema nini kuhusu idadi ya watumiaji na gharama za baadaye?
4. Kinafanyaje kazi darasa linapojaa, si wakati anapokijaribu mtu mmoja?
5. Ni nani hakujibiwa, na je, ameambiwa?

Maswali manne ya kwanza tungeweza kuyapata kutoka katika historia ya miaka ile ya 1993 hadi 1996. La tano tulilipata kwenye dawati la mwisho, na tangu siku ile tumeanza kulitumia hata katika kusahihisha madaftari na kuuliza maswali ya mdomo. Zamani tulihesabu mikono iliyonyoshwa, tukaridhika kwamba somo limeeleweka. Sasa, kabla ya kufuta ubao, tunatembea hadi dirishani kumtazama anayengoja.