Afande wa Kukodiwa

Mpelelezi aliyeletwa kazini kwetu hakuwa na bunduki wala pingu. Alikuwa na daftari, kitambi, na sauti ya mtu aliyezoea kujibiwa. Sote tulimwita Afande, ingawa polisi alishastaafu. Nadhani nguvu zake zote zilikuwa kwenye hilo jina.

Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo imekataa kupatikana, nikawa napakia mizigo kwenye bohari moja Nairobi. Simu 11 zikapotea. Bosi hakwenda polisi, alimkodi Afande. Tukaanza kuitwa stoo mmoja mmoja. Swali la kwanza halikuhusu simu zilizopotea. Lilikuwa: "Toa yako. Fungua."

Wengi walifungua. Ungekataa vipi, na kukataa kulionekana kama kukiri? Dada mmoja mwenye mtoto mchanga alisomewa meseji za mumewe mbele ya supavaiza. Wakaingia M-Pesa. "Hizi elfu nane ni za nani?" Zilikuwa za chama.

Usiku huo nilisoma Katiba bila mtihani mbele yangu. Kifungu cha 31: usipekuliwe, mali yako isichukuliwe, mambo ya familia yako yasidaiwe bila sababu, mawasiliano yako yasiingiliwe. Sawa, bosi ana haki ya kutafuta mali yake. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka yeye ndiye athibitishe kwamba ulikubali. Sasa niambie, mtu aliye peke yake stoo, kodi ya nyumba ikimngoja, akisema "ndiyo", hiyo ni ndiyo gani?

Halafu kuna Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41. Kabla ya kukufuta kwa utovu wa nidhamu, mwajiri akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, ukiwa na mfanyakazi mwenzako uliyemchagua au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Poa. Ila kinazungumzia kikao cha kabla ya kufutwa. Stoo huja mapema kuliko hapo, na ukitoka stoo ushaandika taarifa na kutia sahihi. Kikao kinachofuata ni kama kusomewa wasifu wa marehemu.

Zamu yangu ilipofika, nilimuuliza Afande kama amesajiliwa, maana sheria ya 2016 ya usalama wa kibinafsi inawagusa hata wapelelezi. Alicheka. Nikamwambia simu nitaifungulia polisi wenye amri ya korti. Akaandika kitu kwenye daftari.

Mkataba wangu uliisha mwezi uliofuata na haukuongezwa. Hakuna aliyetaja simu.

Yule dada alipeleka malalamiko kwa Kamishna wa Data. Sheria inaipa ofisi hiyo siku 90 kuyamaliza. Kila Jumatatu hunitumia hesabu. Leo ameandika: 61.