DRAFTI YA BROWNS: KILA MWAKA POSA, NDOA HAKUNA!

Ukimtajia mtu wa Tanga neno drafti, atakuuliza vizibo viko wapi. Mimi mwenyewe nimekulia vijiweni, ubao umechorwa kwa mkaa, vizibo vya soda vya upande mmoja vimelala chali na vya upande wa pili kifudifudi, wazee wanarushiana maneno mpaka adhana ya magharibi. Lakini hapa Cleveland, jimbo la Ohio, Marekani, ninapoishi tangu 1998, drafti ni kitu kingine kabisa. Ni siku tatu za mwisho wa Aprili ambapo watu wazima wenye akili zao wanakodolea macho televisheni kujua kijana gani kachukuliwa na timu gani.

Ngoja nieleze kidogo, maana najua wengi wenu ni watu wa Simba, Yanga na Coastal Union. Kwetu mchezaji anasajiliwa. Kiongozi anabeba fuko lake, anamfuata kijana mpaka kwao, anaongea na mama, anaongea na mjomba, halafu kijana anafichwa hotelini asije akaibiwa na wapinzani. Na bado kesho yake unasikia kasaini fomu mbili! Wamarekani, katika mpira wao ule wa kofia ngumu na kukumbana kama mafahali, hawataki kasheshe hiyo. Timu ziko 32. Vijana wanaotoka vyuo vikuu wanapangwa, timu iliyoshika mkia inachagua wa kwanza, bingwa anachagua wa mwisho. Zamu zinazunguka raundi 7. Kijana hana sauti, anakwenda alikoitwa.

Utaratibu huo ulianza 1936 na nia yake ni njema: aliyeanguka ainuliwe, mwenye nguvu asizidi kuneemeka peke yake. Sasa mimi nauliza, kama drafti ni dawa ya wanyonge, mbona timu yangu ya Browns inaimeza kila mwaka na homa haishuki?

Nilipofika mji huu ulikuwa hauna timu kabisa. Novemba 1995 mwenye timu, Art Modell, alitangaza anaihamishia Baltimore. Hebu fikiria uamke asubuhi uambiwe Coastal Union imehamia Mombasa! Mji ukaja juu, ukaenda mahakamani, jina na rangi vikabaki Cleveland, lakini wachezaji wote wakaondoka. Na kule Baltimore, katika drafti yao ya kwanza ya 1996, wakamchukua Jonathan Ogden akiwa namba 4 na Ray Lewis akiwa namba 26. Wote wawili leo wamo katika jumba la mashujaa wa mchezo huo. Mtu aliyesimamia uchaguzi ule ni Ozzie Newsome, mchezaji wa zamani wa hapa hapa Cleveland. Januari 2001 wakabeba ubingwa wa Marekani. Yaani mke kaachika, kaolewa jirani, kazaa mapacha wenye afya, na sisi tunachungulia dirishani.

Browns mpya ilianza 1999, na mimi nikaanza nayo. Nilikuwa nafanya kazi usiku katika ghala moja, na wenzangu pale walikuwa na mada moja tu: nani atakuwa kotabeki. Kwa faida ya msomaji, kotabeki ndiye anayepokea mpira kila shambulizi linapoanza, yeye aamue arushe, agawe au akimbie nao. Ni jemadari. Timu ikiwa na jemadari mzuri, mabovu mengine yanafichika.

Namba 1 ya mwaka ule tukamchukua Tim Couch. Kijana hakuwa mbaya, lakini walimweka nyuma ya ukuta wa makuti. Kila akiinua mkono arushe, majitu manne yako juu yake. Namba 2, Donovan McNabb, akaenda Philadelphia na akaifikisha timu ile fainali. Nikasema sawa, bahati haina ndugu.

Mwaka 2000, raundi ya 6, tukahitaji kotabeki mwingine. Tukamchukua Spergon Wynn, namba 183. Chaguo 16 baadaye, namba 199, timu ya New England ikamchukua kijana mwembamba aitwaye Tom Brady. Huyo Brady akaja kushinda Super Bowl mara 7. Haki ya Mungu, hapo siwalaumu sana, maana timu zote zilimpita. Lakini 2004 je? Ben Roethlisberger kazaliwa Ohio, kasoma Ohio, kacheza chuo Ohio, mtoto wa nyumbani kabisa. Sisi tulichagua namba 6, tukachukua mdaka pasi. Namba 11 akachukuliwa na Pittsburgh, watani wetu wa jadi, akakaa nao mpaka msimu wa 2021, ubingwa mara 2, na sisi akitutandika atakavyo. Hiyo ni sawa na Simba kumwona kijana wa Msimbazi anapita mlangoni kila siku, halafu Yanga wakamwita ndani anywe chai.

Halafu kuna kisirani cha namba 22. Mwaka 2007 tulitumia namba 22 kumchukua kotabeki Brady Quinn. Akachemsha. Mwaka 2012 namba 22 tena, kotabeki Brandon Weeden, ambaye alikuwa ameshafikisha umri wa miaka 28. Kijana gani huyo jamani! Drafti ile ile, namba 75, Russell Wilson alikwenda Seattle na Februari 2014 akawa bingwa. Mwaka huo huo wa 2014 tukapanda ngazi kwa makusudi, tukatoa namba 26 na namba 83, ili tupate namba ipi? 22! Tukamchukua Johnny Manziel, nyota wa magazeti na kumbi za starehe. Misimu 2, kwaheri. Kwetu Tanga mambo ya namna hii yakitokea mara tatu, mtu anaitwa aje aangalie nyumba.

Lakini mimi siamini uchawi. Naamini pupa. Tazama chaguo zilizotupatia faida. Mwaka ule ule wa 2007, kabla ya Quinn, namba 3 tulimchukua Joe Thomas, kazi yake kumlinda kotabeki upande wa kushoto. Siku ya drafti wenzake wamevaa suti New York, yeye alikuwa ziwani anavua samaki na baba yake. Alicheza mikupuo 10,363 mfululizo bila kutoka uwanjani. Aliwalinda makotabeki wapatao 20, na katika miaka 11 hakuonja mechi hata moja ya mtoano. Mwaka 2023 akaingizwa katika jumba la mashujaa. Mwaka 2017 tukampata Myles Garrett, namba 1, na msimu wa 2023 akatajwa mlinzi bora wa ligi nzima. Mwaka 2018, namba 35, Nick Chubb, mkimbiza mpira asiye na makeke, mtu wa kazi kimya kimya mpaka alipoumia goti Septemba 2023. Watatu hao hawakuletwa kama masihi. Waliletwa kufanya kazi, wakafanya.

Tatizo letu ni kutafuta mkombozi. Tangu 1999 hadi 2025 makotabeki zaidi ya 40 wameanza mechi wakiwa na jezi ya Browns. Kuna shabiki aliyekuwa akibandika majina yao mgongoni mwa jezi, moja baada ya jingine, mpaka mgongo ukajaa! Nyumba ya kupanga ina heri.

Msimu wa 2016 tulishinda mechi 1 kati ya 16. Msimu wa 2017 tukashinda sifuri. Sifuri, msomaji! Januari 2018 maelfu ya mashabiki tukaandamana katika baridi ile ya kukata masikio, tukizunguka uwanja kuchora alama ya sifuri. Nilikwenda na thermos yangu ya chai ya tangawizi. Tulicheka sana siku ile, na watu wakachangia chakula kwa wasiojiweza. Msiba wa wengi harusi.

Basi 2018 namba 1 tukamchukua Baker Mayfield. Septemba 20 mwaka huo aliingia katikati ya mechi dhidi ya New York Jets, tukashinda 21-17, ushindi wa kwanza baada ya siku 635. Mabaa ya mji yalikuwa na friji za bia zilizofungwa mpaka timu ishinde, usiku ule zikafunguka. Januari 2021 akaiongoza timu kuifunga Pittsburgh kwao 48-37 katika mtoano, ushindi wa kwanza wa namna hiyo tangu Januari 1995. Majirani waligonga masufuria barabarani. Nikasema, mwaka huu tumeula!

Mwaka mmoja tu baadaye akacheza akiwa na bega bovu, akayumba, na wakubwa wakamchoka. Machi 2022 wakafanya lile ambalo mpaka leo likitajwa mezani kwangu watu wanainamia sahani zao.

Wakaipa Houston chaguo 3 za raundi ya kwanza, za 2022, 2023 na 2024, pamoja na nyingine za chini, ili wampate kotabeki Deshaun Watson. Wakamwekea mkataba wa miaka 5, dola milioni 230, zote za uhakika, acheze asicheze. Wakati huo wanawake zaidi ya 20 walikuwa wamemfungulia kesi za madai, wakimtuhumu kuwadhalilisha kijinsia alipokwenda kwao kukandwa mwili. Yeye alikana. Mabaraza mawili ya mahakama kule Texas hayakumfungulia mashtaka ya jinai, na kesi nyingi zikamalizwa nje ya mahakama. Ligi ikamfungia mechi 11 na faini ya dola milioni 5.

Binti yangu mkubwa alikuwa na miaka 19, anasomea uuguzi. Tangu akiwa na miaka 5 nilikuwa namfunga skafu ya rangi ya chungwa na kahawia. Akaniuliza swali moja tu: Baba, hawa wamehesabu yadi, wamehesabu dola, wamehesabu chaguo, wale wanawake wamewahesabu wapi? Mama yake akanitazama anisikie nitajibu nini. Sikuwa na jibu la mpira.

Wiki ile kituo kimoja cha hapa mjini kinachosaidia waliobakwa kilipokea michango kutoka kwa mashabiki, mingi ikiwa ya dola 22, kwa idadi ya kesi zilizokuwapo siku hizo. Namba ile ile ya kisirani! Na sisi tukatoa 22 zetu, kila mtu na yake, nyumba nzima. Msimu ule Jumapili televisheni yangu ilionyesha vipindi vya mapishi.

Kimpira nayo ilikuwa hasara tupu. Kati ya kufungiwa na kuumia, Watson alionekana kwa msimu. Oktoba 2024 kano ya kisigino ikakatika, Januari 2025 ikakatika tena. Msimu wa 2023 aliyetupeleka mtoano ni Joe Flacco, mzee wa miaka 38 aliyeitwa Novemba akiwa amekaa nyumbani na watoto wake. Na nani akatutoa? Houston, 45-14! Chaguo letu la 2023 walikuwa wamelitumia katika biashara iliyowapa Will Anderson, na kijana huyo siku ile alikuwa upande wao anatukimbiza. Mayfield naye akatua Tampa Bay, akaipeleka timu mtoano, akashinda.

Ndiyo maana Aprili 2025 nilishangaa. Tulikuwa na namba 2, mji mzima unataka nyota, Travis Hunter yuko mezani. Wakubwa wakaiuzia Jacksonville zamu hiyo, wakashuka mpaka namba 5, wakapewa na chaguo nyingine, ikiwamo ya raundi ya kwanza ya 2026. Wakamchukua Mason Graham, jitu la kuziba njia katikati. Kijiweni kwetu watu walizomea. Mimi nilipiga makofi peke yangu. Kwa mara moja hatukukimbilia mtu wa kutuokoa, tulinunua matofali na saruji.

Halafu, loh, wakaharibu! Raundi ya 3 wakachukua kotabeki Dillon Gabriel, na raundi ya 5, namba 144, wakachukua kotabeki mwingine, Shedeur Sanders, mtoto wa Deion Sanders. Makotabeki wawili, drafti moja. Mwanamume anayechumbia dada wawili nyumba moja hajaamua kuoa.

Maoni yangu ni haya, na wakubwa wa Browns wakipata mkalimani wayasome. Kwanza, jengeni ukuta kabla ya kumleta jemadari, Couch aliwafundisha 1999. Pili, mkimpata kijana mpeni muda, maana mti unaong'olewa kila masika kuangaliwa kama umeota mizizi hauzai. Tatu, kabla ya kuhesabu yadi za mtu, ulizeni anavyoishi na watu. Hilo la tatu amelidai binti yangu, na mimi nalitia sahihi.

Timu sihami. Nitakwenda wapi? Pittsburgh? Bora nirudi kwenye vizibo. Ila kuna kofia yangu moja ya zamani, haina jina la mchezaji yeyote, hiyo ndiyo ninayovaa siku hizi.

Na ninyi mnaosimamia usajili huko nyumbani, msicheke sana. Nasikia na huko mnapenda kushusha masihi uwanja wa ndege, na matarumbeta juu!