Jumba la Ajabu na Mifupa Yake ya Chuma

Kwa zaidi ya miaka mia moja, msafiri aliyefika Unguja kwa chombo alipokewa na jumba jeupe lenye mnara wa saa, pale Forodhani. Hilo ndilo Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash bin Said. Watu waliliita Nyumba ya Maajabu kwa sababu lilikuwa la kwanza Unguja kuwa na umeme, tena lilikuwa na lifti.

Sisi akina mama tulilitembelea mwaka 2008, wakati huo likiwa makumbusho. Tuliona milango mikubwa ya nakshi na jahazi la mtepe. Lakini sisi tulio wauguzi tulitazama pia mifupa iliyolibeba jumba lenyewe. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Baraza pana zinazolizunguka zilishikwa na nguzo ndefu nyembamba za chuma cha kusubu, na sakafu zilikaa juu ya mihimili ya chuma. Chuma ndicho kilichowezesha dari ziwe juu vile na upepo wa bahari upite.

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zilipiga mizinga hapo. Kasri la jirani, Beit al-Hukm, liliharibiwa kabisa, lakini Beit al-Ajaib likabaki wima. Mnara wa saa uliunganishwa mbele yake baadaye.

Bahari, hata hivyo, haichoki. Hewa yake ina chumvi, na chumvi ikikutana na maji ya mvua yapenyayo darini, chuma hushika kutu upesi. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe. Hivyo huvimba ndani kwa ndani kama jipu, na kupasua zege na chokaa iliyokizunguka. Ukiona ufa nje, ugonjwa umekwisha kukomaa.

Mwaka 2012 sehemu ya baraza iliporomoka. Kisha, tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiwa yanaendelea, upande wa mbele ulianguka pamoja na mnara wake. Mafundi wawili walifariki. Siku ambayo wengine tulikuwa tukipakua pilau la Krismasi, familia mbili zilipokea msiba.

Mama mwenzetu unayeishi pwani, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukiona doa la rangi ya kutu darini, au zege linamenyeka na nondo kuonekana, usilifunike kwa chokaa mpya. Ita fundi agonge, abomoe penye ubovu, asugue kutu, ndipo azibe. Kwanza zuia maji yanayovuja. Na unapojenga, kataa mchanga wa ufukweni. Una chumvi, na utakula nondo zako polepole. Watoto wasilale wala kucheza chini ya dari lililopasuka hadi litengenezwe.