Kura Yangu Nampa Willy Gamba

Maktaba ya mtaani kwetu hapa Uingereza imebandika ukutani ile orodha ya riwaya mia wanazozipenda Waingereza, iliyotokana na kura za BBC za mwaka 2003. Mkutubi, mama mwenye huruma za kupitiliza, akaniuliza nimesoma ngapi. Nilipomjibu akanipoza: nisijali, nitazifikia tu. Nikakenua meno.

Sina ugomvi na Tolkien kushika namba moja. Tena kazaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini. Tukitaka ubishi tunaweza kumdai. Ila Gurnah wetu, aliyekuwa akiandikia hukuhuku, na riwaya yake ya Paradise ikaingia orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker mwaka 1994, kwenye mia hiyo hayumo. Harry Potter anazo nne. Na filamu za Tolkien zilikuwa zikitoka miaka hiyohiyo. Haya.

Kwetu kitabu kinachopendwa hukikuti dukani. Jalada limeng'oka, kurasa za mwanzo hazipo, na hujafika mwisho anayekisubiri keshakuja kugonga mlango mara mbili. Bweni letu zima lilisoma Kikosi cha Kisasi cha Musiba, riwaya ya mpelelezi Willy Gamba, kwa nakala moja, kwa zamu, kwa tochi. Mwalimu akipita, Willy Gamba anaingia chini ya godoro. Riwaya ya Rosa Mistika nayo, ilipopigwa marufuku shuleni, hata wavivu wa kusoma waliitafuta. Mchapishaji anahesabu kauza nakala moja. Sisi tuliosoma nani atatuhesabu?

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mapenzi yetu tumeyakabidhi kwa mtaala. Muulize msomi wetu riwaya aipendayo. Mkenya atakutajia Siku Njema, na kabla hujamuuliza sababu ameshaanza dhamira, wahusika na mbinu za lugha, kama yumo kwenye chumba cha mtihani. Mtanzania hana nafuu. Ingia duka la vitabu: rafu zimejaa vya kiada na mitihani iliyopita. Waandishi kama Musiba na Mtobwa kawatafute kwa wauza vitabu vya mtumba, chini, kwenye turubai.

Redio zinazotuomba meseji za kuchagua wimbo bora zituombe na za riwaya. Sharti langu ni moja: kitabu ulichojibia mtihani usikitaje. Mimi nimeshampa Willy Gamba. Nawe nitajie wako.